Viatu Kisimani

Msambweni, Alhamisi, Agosti 1998

Nimefokewa leo mbele ya wageni wa ofisi, na bado naona haya.

Nilikuwa nikiwaonyesha kisima tulichochimba pamoja na akina mama wa kijiji. Kabla ya kuchimba tuliwauliza, nyumba kwa nyumba, kwa nini kisima cha mradi wa zamani kilikufa. Jibu lilikuwa moja: raba ya pampu ilikatika, wakawangoja wenyewe, watu wa mradi, waje. Wenyewe! Ndiyo sababu safari hii tuliwafundisha kuifungua pampu na kuitengeneza. Lakini hata mwezi uliopita Bi Mwanakombo, mwenyekiti wao, aliniambia, "Pampu yenu inalia." Nikaona kazi yote imekwenda na maji.

Leo, nilipokanyaga tu saruji ya kisima, Bi Mwanakombo huyohuyo akanijia na ufagio mkononi.

"Vua viatu, mwanangu! Utatuchafulia kisima chetu."

Nikavua. Wageni nao wakavua, shingo upande.

Nimenuna njia nzima. Mpaka jioni hii, nikiosha miguu, ndipo nilipolisikia lile neno.

Chetu.