Ugali wa Kiitaliano Ulionishinda

Mjukuu wangu Festo, mume wangu mdogo,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Kihagara tu wazima. Mama yako anaanika usipa, dagaa wa ziwa letu, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kama si aibu mpishi mkuu wa hoteli kukurudisha kwenye kukata vitunguu, wakati kupika unajua. Nikujibu kwa kisa changu: miaka ile ya soko huria, parokia moja ya Italia ilitualika kwao akina mama watano wa parokia yetu. Mwenyeji wetu, Mama Rosa, akatufundisha polenta, ugali wao wa mahindi. Nikajisemea, huyu anifundishe ugali mimi? Nikausonga harakaharaka, nikaipua.

Akaonja. "Mbichi," akasema, na mtawa tuliyefuatana naye akatutafsiria. "Unga wetu ni wa chengachenga, unakorogwa karibu saa nzima."

Wenzangu walicheka, nami nikaona haya. Nikaubandika tena, nikakoroga mpaka bega likauma. Ulipoiva, Mama Rosa alikula akamaliza, kisha akasema, "Kesho nifundishe wa kwenu."

Kesho yake alisonga jasho likimtoka, akiniuliza kila mara kama anakosea. Aibu yangu iliishia hapo.

Nakuombea kazi njema, baba.

Bibi yako,
Edita