Cheni Ilikatikia Juu ya Maore

Same,
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Kaka yangu Athumani,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Wifi na watoto, na kwamba baridi ya Makambako haijawashinda. Sisi huku hatujambo, ila jua na vumbi, kama unavyoijua Same. Goti la Mama limetulia. Anakusalimu sana, na anasema umekonda katika ile picha uliyotuma. Mimi namwambia hujakonda, ni shati tu limekuzidi.

Usishangae kupata barua wakati simu ninayo. Kwenye simu huwa unaongea wewe, mimi naitikia. Leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Nianze na tulichopatana, tusije tukabishana baadaye. Ulipokuja Idd hii majuzi, ulisema mbele ya Mama na Baba mdogo Rashidi kwamba pikipiki ya marehemu Baba imezeeka, na mwanamke kupandisha abiria mlimani kwa chuma chakavu ni kuitafutia familia msiba mwingine. Mimi nikasema chuma hicho ndicho kinachotulisha. Tukakubaliana niendelee nacho, lakini siku kitakapoharibikia njiani nikiwa na abiria, kiuzwe, kila mrithi achukue fungu lake. Niliitikia haraka, maana ile pikipiki naijua kama ninavyoijua sufuria yangu ya wali.

Basi kaka, imeharibika.

Jumamosi alinijia Mzee Fanueli, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kule Bombo. Bomba lao limepasuka, na asubuhi ile watu walikuwa wameitwa kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Unawajua Wapare wa milimani: siku ya msaragambo, asiyetokea na jembe hufuatwa kwake akaulizwe ana ugonjwa gani. Mtaro walishauchimba, wanasubiri kiungio cha bomba, na hicho kiungio mzee alikuwa nacho mkononi mjini Same. Wakichoka wakatawanyika, kina mama wangeendelea kuteka maji korongoni mpaka msaragambo mwingine. Vijana wa kijiweni walikuwa radhi kumfikisha Maore tu, kwa sababu mvua imeila njia ya juu. Mimi nikamwambia apande.

Kijiji cha Kisiwani tulipita vizuri, Maore tukanywa maji, tukaanza kupanda. Kwenye kona ya tatu au ya nne nikasikia mlio ndani ya kava la cheni, halafu injini ikawa inalia bure na gurudumu halivuti. Tukaanza kurudi nyuma. Nikakamata breki zote mbili, nikamwambia mzee ashuke upande wa mlima, naye akashuka vizuri tu, amekumbatia kiungio chake. Nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Sikutetemeka, kaka, na wala sijisifu bure. Nilifungua kava, nikakuta cheni imejikunja ndani. Bahati ni kwamba kava la pikipiki za zamani limefunika cheni yote, kwa hiyo hakuna kilichoangukia njiani. Pingili zote zilikuwa nzima. Kilichochomoka ni kile kibanio kinachounga ncha mbili za cheni. Kilikuwa kimetanuka, nikakibana kwa plaizi, nikakirudisha mahali pake na kukizungushia waya mwembamba. Tukapanda polepole, gia namba moja mpaka juu. Watu wa Bombo tuliwakuta wamekaa juu ya majembe yao, wengine wameanza kufunga virago. Bomba likaungwa, nami nikapewa sahani ya makande ambayo sikuweza kuimaliza.

Njiani nilikuwa nimemsimulia mzee habari ya mapatano yetu. Wakati wa kuagana alinivuta kando.

“Mwanangu,” akasema, “mimi ni mtu mzima, mambo mengi yananipotea. Hili la cheni nalo linaweza kunipotea.”

Nilimshukuru kwa moyo wote. Lakini nilimwambia kwamba pikipiki ile ni ya baba yangu, na siwezi kuipanda kila siku juu ya uongo.

Sasa kuna jambo ambalo Mama na Baba mdogo sijawaambia, nakwambia wewe peke yako. Kile kibanio kina mdomo, yaani upande ulio wazi, na Baba alinifundisha kwamba mdomo lazima utazame nyuma cheni inapokwenda. Hiki kilifungwa mdomo mbele. Kilikuwa kinasugua kava mpaka kikaachia. Na tangu nilipoifunga cheni ile mwenyewe, mdomo nyuma, hakuna aliyelifungua kava ila wewe, siku ya Idd, ulipovua kanzu ukasema utanifanyia sevisi, mimi niko jikoni na pilau.

Ningeweza kudai mapatano yamekufa. Sikudai, kwa sababu hatukusema ikiharibika kwa mkono wa nani. Nilisema ikiharibika, na imeharibika.

Kwa hiyo jana Baba mdogo alimleta Isihaka dalali, akaikagua, akataja bei. Baba mdogo akauliza mnunuzi tutampata wapi.

“Mnunuzi ni mimi,” nikasema.

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa kanga. Fungu lake nimempa mkononi. Lako, mafungu mawili kwa langu moja kama mirathi inavyotaka, liko kwa Baba mdogo. Nililia kidogo wakati wa kutia saini, sikufichi, kwa kuwa pikipiki ya Baba haipo tena. Iliyopo uani sasa ni ya Salama.

Nisalimie Wifi, wabusu watoto, na majirani wote wanaotujua wape salamu za Upareni. Mungu akutunze katika kazi yako na akurudishe kwetu salama. Idd ijayo njooni wote, nitakupokea stendi mwenyewe, wewe ukae nyuma. Ila spana ziache Makambako.

Ni mimi mdogo wako,
Salama