Gitaa Lako Halijaenda Kibondo

Baba Yeremia,

Nianze na linalokuhusu, salamu zitafuata. Gitaa lako halijaenda Kibondo. Lipo hapa Makere, sebuleni, karibu na dirisha, nimelifunika kitenge changu cha maua.

Anayeandika ni Konsolata, mkwe wetu, kwa sababu unajua mimi na kalamu hatujawahi kukutana. Nimemwambia aandike ninavyosema, ualimu wake auache shuleni. Nikisema Filipo ni mbishi, asije akaandika kwamba Filipo ana msimamo. Anacheka, lakini anaandika.

Basi sikiliza. Siku ya tatu baada ya kukuzika, ndugu zako walikaa kikao uani. Mdogo wako Filipo, aliyekuja kutoka Kibondo na viatu vyake vya kubana, ndiye aliyeanza. "Shemeji, lile gitaa ni chombo cha mwanaume, na mwanaume wake hayupo. Kwenye kwaya yetu kule wapo wapigaji. Hapa litaliwa na mchwa." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Yeremia wetu, mtu mzima mwenye familia, akatazama chini. Mimi nimekaa kwenye mkeka, macho yamevimba, sijala tangu juzi, nikasikia mdomo wangu unasema, "Linaye mpigaji. Mimi."

Filipo akageuka. "Wewe? Nani alikufundisha?"

"Kaka yako."

"Lini?"

"Miaka arobaini nimelala naye chumba kimoja, unataka nikutajie siku?"

Wanawake wakaangua kicheko, msibani, Mungu atusamehe. Filipo akangoja kicheko kiishe, akasema taratibu kwamba sawa. Mwaka ukitimia, siku ya kuganduka, tutakapouvua huu msiba, nilipige mbele ya watu wote, wimbo mzima. Nikishindwa, analipakia siku hiyo hiyo. Nikamwambia aje na gari kabisa.

Halafu nikaingia ndani, nikakaa mbele ya gitaa lako. Baba Yeremia, hukunifundisha hata uzi mmoja. Wewe unajua, mimi najua, na sasa Konsolata naye anajua. Amesimamisha kalamu, ananitazama. Andika, mwanangu, andika.

Ningewapa lile gitaa, ningewapa sauti yako. Sikuwa na picha yako nzuri hata moja. Ile ya kitambulisho umekunja uso kama umeibiwa mbuzi. Lakini ukikaa nyuma ya lile gitaa lililolala kama meza, lenye nyuzi kumi, ukatelezesha kile kichuma juu yake, ukakanyaga pedali, nyuzi zikapinda sauti kama mtu anayeita kutoka mlima wa pili, pale ndipo ulipokuwa wewe mzima. Yule mzee wa misheni alipokuachia gitaa hili akirudi kwao, lilikuwa limevunjika miguu miwili, na wewe seremala ukalichongea mingine. Pedali ya kwanza ukaifunga kwa spoki ya baiskeli. Kichuma chenyewe kilipopotea ukaokota pini ya pistoni ya pikipiki gereji. Kucha za kudonolea ukazikata kwenye dumu. Sasa Filipo aniambie, huko Kibondo nani angejua kwamba ile spoki inataka kutiwa mafuta ya mawese kila Jumapili?

Niliwahi kukuomba unifundishe. Mara moja. Yeremia alikuwa bado ananyonya. Ukasema, "Kesho, Mama Yeremia." Mimi nikarudi kupukuchua mahindi, na wewe ukarudi kupiga, na kesho ikaenda hivyo hivyo mpaka nikakuosha mwili. Nimekukasirikia kwa hilo. Nimekaa na hasira hiyo wiki nzima baada ya matanga, nikakusema mbele ya kigoda chako cha kupigia kila nilichoweza kukusema, kwa Kiha, maana Kiswahili hakitoshi. Sasa imeisha.

Na kulipiga wazi nisingeweza. Unaijua mila, mjane hagusi nyimbo za furaha mpaka siku ya kuganduka, na shangazi yako Domitila anakaa ng'ambo ya migomba mitatu tu, masikio yake hayazeeki. Lakini gitaa lako bila spika ni bubu. Ukilidonoa bila kuliunganisha na betri linanong'ona kama mwenye mafua, hata kuku aliyelala chini yake hafumbui jicho. Nikasema, mila inakataza lisisikike, basi halitasikika. Mchana nikitoka shamba, nikishainjika maharage, nafunga mlango, nakaa kwenye kigoda chako.

Balaa la kwanza, nilijua kila kitu kinyume. Miaka yote hiyo nilikaa mbele yako, upande wa pili wa gitaa, nikikutazama. Kwa hiyo nilipokaa mahali pako, mkono wa kulia ukataka kushika kichuma, wa kushoto ukataka kudonoa. Wiki mbili nilikuwa kama mtu aliyevaa blauzi nyuma mbele. Kila nikitaka kukumbuka ulivyofanya, nakuona umekaa pale ng'ambo, unaniangalia, na mikono inapotea tena. Mwishowe nikafumba macho. Nilipoacha kukuona, mikono ikarudi mahali pake. Siku hiyo nililia, sikufichi. Nililia kwa sababu iliwezekana.

Baada ya hapo ikawa kazi, na kazi mimi siiogopi. Pekupeku, kidole gumba kwenye pedali ya kwanza, kisigino kwenye ya pili, ya tatu kaidi kama wewe. Nikachagua ule wimbo wako wa kuvuka, ule uliotoka nao Burundi mkiingilia Mabamba na mama yako amebeba mkeka kichwani. Nikaujua pole pole, kipande kwa kipande, kama mtu anayepalilia. Kufikia mavuno ya maharage niliweza kuupiga mwanzo mpaka mwisho. Kwa kunong'ona.

Siku ya kuganduka uwanja ulijaa. Ndugu zako wa Mabamba walikuja wote, hata wale wasiosalimiana. Tulipika migebuka kwenye mawese, ugali wa muhogo, maharage, mtobe, pombe ya ndizi, madumu na madumu. Wazee walisema maneno, nikavua kitambaa cha msiba, wakaninyoa, wakanivika kitenge kipya na viatu vyenye kisigino alivyoninunulia Yeremia. Filipo alikuja na pikapu kweli. Nyuma kaweka mablanketi mawili, ya kulilaza gitaa lisikwaruzike. Nikaona mablanketi yale nikajua huyu mtu hatanii.

Wewe unajua jinsi siku hiyo ilivyo. Hakuna kulia. Aliyebakiwa na chozi alimalize jana yake. Ukilia siku ya kuganduka umeufungua msiba upya, na wazee wanaweza kusema rudini mkaombolezee ndani. Watu wametandaziwa mikeka, wamekunywa, wanasubiri kucheza.

Nikakaa. Nikavua vile viatu, nikavisukuma pembeni. Yeremia akaunganisha betri na spika. Nikadonoa.

Mama yangu! Sikuwahi kujisikia nikipiga kwa spika, Baba Yeremia. Mwaka mzima nimepiga kwenye unong'ono, sikujua kule kwenye spika uzi mmoja haufi. Nilidonoa mara moja, ukaita, ukaendelea kuita, nikatelezesha kichuma ukapanda, ukaunganika na wa pili, wa pili na wa tatu, uwanja mzima ukawa kama mtu anayeomboleza kwa sauti moja ndefu. Wimbo wako wa kuvuka! Ule uliokuwa ukiwafanya watu wapandishe vumbi! Kwangu ukatoka kilio.

Nikasikia mwanamke wa kwanza anapiga kwikwi. Halafu binamu zako. Halafu Yeremia, pale pale kwenye betri, amejifunika uso kwa mikono. Shangazi Domitila akasimama na fimbo yake, "Nani kafa tena? Nasema nani kafa tena hapa? Unaturudisha matangani wewe!" Wazee wakaanza kunong'onezana. Na Filipo akainuka. Hakuwa na hasira, hilo nalisema kwa haki. Alikuja na huruma usoni, na huruma ile ilinichoma kuliko matusi. Akanyoosha mkono kwenye waya wa spika. "Shemeji, inatosha. Umejaribu."

Hapo ndipo nilipoogopa. Nikainua mkono wa kulia nimsukume, halafu nikaona nikimsukuma nitaliangusha gitaa, nikaushusha mkono haraka, ubavu wa kiganja ukatua juu ya nyuzi.

Kilio kikakatika. Pu.

Nikadonoa chini ya kiganja. Pu. Nikainua, nikadonoa, nikalaza. Pu, pu, pu.

Baba Yeremia! Miaka arobaini nakuona unalaza ubavu wa kiganja kwenye nyuzi baada ya kila mdonoo, kama anayemtuliza mtoto kitandani, na miaka yote hiyo nilidhani unapumzisha mkono! Nilikuwa namwambia dada yangu, mume wangu huchoka mapema. Kumbe ndiko wimbo ulikokuwa! Kumbe gitaa likiachiwa linalia, likilazwa kiganja linacheza!

Nikamwambia Filipo, "Ondoa mkono wako hapo, sijaanza." Nikaanza upya. Donoa, laza. Donoa, laza. Vidole vya miguu vikashika pedali, nyuzi zikaruka, sauti zikatoka fupi fupi kama mahindi yanayopasuka kaangoni. Nilikosea, nisidanganye, katikati nilikanyaga pedali mbili kwa pamoja ikatoka sauti ya bata. Wala sikusimama. Domitila ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheza. Ile fimbo aliyokuja nayo kunikemea akainyanyua juu, akapiga vigelegele, na watu wote wakainuka nyuma yake, machozi bado yako mashavuni, wanacheka wanajipangusa wanacheza, vumbi likapanda mpaka sikuona pikapu iko wapi. Nikaupiga wimbo mzima. Wakautaka tena, nikaupiga tena. Mara ya tatu nikawaambia nina njaa.

Filipo alikuja jioni, watu wakiosha vyombo. Alikuwa ameyakunja yale mablanketi, akaniwekea mapajani, akasema ni ya kulifunikia gitaa kipindi cha baridi. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, "Shemeji, niambie kweli. Kaka alikufundisha lini?"

Nikamwambia, "Leo."

Akanitazama, akacheka, akafuta macho, akaenda kuwasha gari. Nami nikabaki nimekaa na mablanketi yake. Sikuwa nimemjibu uongo.

Mengine ya hapa ni mazuri. Paa la jiko tumelibadilisha. Mihogo imekubali. Mbuzi wako mweusi bado ana tabia zako, akiitwa haji. Konsolata ana mimba, hataki kuandika, nimemwambia hiyo ni barua yangu na mjukuu ni wangu, aandike. Ataisoma yote hii pale kaburini Jumapili tukitoka kanisani, kwa sauti, kwa hiyo kama kuna neno limesafishwa nitalisikia nitalirudisha.

Nakukosa. Asubuhi zaidi, wakati wa uji, kwa sababu bado mkono wangu unachota vikombe viwili. Hilo halijaganduka, na sidhani litaganduka, na sina haja.

Sasa lala. Ninakuahidi hili: nitalipiga lile gitaa mpaka magoti yakatae, na kabla hayajakataa nitakuwa nimeshampata wa kumwachia, awe mwanamke au mwanaume, mradi ana miguu isiyoogopa. Kuhusu mimi kuja huko, usinisubiri mapema, wala usiniwekee nafasi kwenye mkeka. Ndugu zako wa Mabamba wana harusi Jumamosi, na mpigaji wao ni mimi.

Mkeo,
Mama Yeremia