Jino Zima la Shangazi

Makambako

Kamwene, shangazi Emerensiana.

Viazi ulivyonitumia kutoka Uwemba vimefika salama. Bado vimo kwenye gunia, naona haya kuvipika.

Jana binti yako Hilda alinipigia simu. Alisema jino bovu bado linakuuma, maana nililoling'oa mimi lilikuwa la pembeni yake, zima kabisa. Alisema ulijua tangu niliposhika koleo, ukanyamaza usiniaibishe mbele ya nesi wangu.

Kweli, siku ile uliniita daktari. Hukuniita Tarsis.

Sasa kila mgonjwa anashika kioo na kunionyesha jino kwa kidole kabla sijamchoma sindano ya ganzi. Rudi, shangazi, nikutibu. Uniite Tarsis, na nikikosea unishike mkono, hata mbele ya nesi.

Mwanao,
Tarsis