Maji ya Jumapili

Kijiji cha Kwemtindi,
kwa njia ya Lukozi,
Lushoto.
6 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Esteria,

Shikamoo yako naipokea, ingawa safari hii mwenye kuinamisha kichwa ni mimi. Hujambo? Salama na Idrisa hawajambo? Huko Turiani joto limepungua, au bado mnalala madirisha wazi? Na lile goti lako linaendeleaje? Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima.

Sisi huku tunaamka. Mvua za vuli zinatishia tu, hazijanyesha za maana. Mama yupo. Macho ndiyo yanapungua, lakini kila asubuhi anakaa mlangoni na kumsalimu kila anayepita kwa Kisambaa, "onga makeo", hata wasioitika. Wifi yako Efrazia anakusalimu sana. Karoti mwaka huu zimekubali.

Nimekupigia simu mara nyingi. Salama akipokea ananiambia mama yuko shambani, na nyuma yake nasikia sauti yako. Sikulaumu. Ndiyo maana nimeandika. Barua nimempa Stephano, yule wa Fuso la mboga, ameniahidi ataifikisha mkononi mwako mwenyewe.

Esteria, maji hayakuibiwa. Mumeo Hamza hakuiba maji. Nimeanza na hilo ili hata ukiichana barua hapa, liwe umeshalisoma.

Unakumbuka wale watu wa chuo walivyokuja kuchomeka ubao wenye mistari pale mtoni, chini ya banio, pale maji yanapogeuzwa kuingia mfereji wa mashamba. Walisema wao wako mbali, wanaoamka na huu mto ni sisi, kwa hiyo vipimo tuvichukue sisi wenyewe kila asubuhi na kuvituma kwa simu. Wakishajua maji ya mwaka mzima, ya masika mpaka kiangazi, ndipo watajua mtambo wa umeme wa ukubwa gani unatufaa, na kama maji yatatosha umeme na mboga pia. Kijiji kikanichagua mimi. Nilijiona mtu.

Mwanzoni nilikuwa nashuka kila siku. Halafu ukaja ule mwezi wa saba wenye ukungu na baridi ya kuuma vidole, na karoti zangu zilikuwa zinatakiwa Lukozi kabla hakujapambazuka. Nikaanza kuruka siku. Mwisho nikawa naenda Jumapili tu, nikitoka kanisani, nimevaa viatu vyangu vizuri. Nasoma mstari, basi. Siku nyingine za wiki natuma ile ile namba ya Jumapili, napunguza kidogo au naongeza kidogo isifanane sana. Nimeituma nikiwa kitandani. Nimeituma nimesimama kwenye mizani ya karoti.

Sasa wewe umekulia hapa, unajua Jumapili mfereji unalala. Tangu babu zetu, Mkristo kwa Mwislamu, siku hiyo banio linafungwa na maji yote yanabaki mtoni. Mtu wa chuo hawezi kujua hilo. Mimi nalijua tangu utoto. Kwa hiyo walichopata kutoka kwangu ni mto wenye maji ya Jumapili wiki nzima, kiangazi chote. Mto wa namna hiyo hatuna.

Nilijiambia hakuna ubaya. Nilijiambia wakiona maji ni machache hawatajenga, na Mama atakufa hajaona taa. Ukitaka kufanya jambo baya hukosi la kujiambia.

Mtambo ulipowaka ilikuwa masika. Ulikuwepo, ulipika pilau siku ile na Hamza akabeba nguzo mpaka bega likachubuka. Kilipokuja kiangazi taa zikaanza kuwa nyekundu, halafu zikazimika, mashine ya kusaga ikasimama. Fundi akasema kwa vipimo alivyopewa maji yanatosha, basi yanapotelea juu. Na huko juu shamba la kwanza ni lenu.

Ile siku walipomwita Hamza kwenye kikao hukuwepo, wanawake mlikuwa msibani kwa mzee Anord. Nataka ukijue kama kilivyokuwa. Kornelio, mwenyekiti wetu, alimuuliza kama anafungulia maji usiku. Hamza hakupandisha sauti. Alinigeukia mimi. Akasema, "Shemeji, wewe ndiye unayepima. Waambie maji ya huu mto yakoje."

Watu wote wakaniangalia. Nikasema, "Vipimo vyangu viko sawa."

Ni maneno hayo tu. Hamza aliniangalia, akachukua jembe lake akaondoka. Wakamnyang'anya zamu ya maji, kabichi zenu zikakaukia shambani. Vijana wa Lukozi wakawa wanamuuliza sokoni, "Mzee, leo umeuza kabichi au umeuza umeme?" Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akaacha kwenda. Na mimi nilikuwa pale pale, napakia karoti zangu, sikumtetea.

Lakini linalonilaza macho ni lingine, na sijui kama alikuambia. Hamza alikuwa anatawadha pale kwenye banio kila alfajiri. Kila alfajiri, Esteria. Ubao uko hatua chache kutoka pale. Alijua kwamba siji. Ile siku kwenye kikao angeweza kusema, "Huyu sijawahi kumwona mtoni ila Jumapili," na yote yangeniangukia mimi. Hakusema. Alinipa nafasi niseme mwenyewe, na niliposhindwa, akaninyamazia. Kesho yake tulikutana njiani akanisalimu kama siku zote na kuuliza hali ya Mama.

Nyie mkahamia huko Turiani. Kiangazi kilichofuata shamba lenu lilikuwa kavu, hakuna aliyelimwagilia hata kwa ndoo, na taa zikazimika vile vile. Kila mtu aliona. Hakuna aliyesema, na mimi nikiwa wa kwanza kunyamaza.

Mwezi wa tano mwaka huu Salama akapiga simu kusema baba yake amefariki na wameshamzika. Ningeweza kuja kwenye arobaini. Nilisema nina homa. Sikuwa na homa. Niliogopa kukaa mkekani na watu wanaomsifu, mimi nikijua nilichomfanyia. Baadaye Salama akaniambia Hamza alikuwa amesema asiletwe kuzikwa huku, hataki kulala kwenye ardhi iliyomwita mwizi. Tangu siku ile chakula nakula tu.

Mwezi wa tisa, ulipoitishwa mkutano wa kijiji kuhusu umeme, nilisimama nikasema yote. Jumapili, kitanda, mizani, kikao. Nilidhani watanizomea. Afadhali wangenizomea. Waliangalia chini, maana wengi wao walikuwa wamemcheka Hamza. Mwisho Kornelio akasema, "Na Hamza tumwambie nini?" Akakaa.

Siku hizi anayepima ni Scholastica wa mzee Anord, pamoja na Abdallah wa huko juu, wanakwenda wote wawili, kila siku, na wanapima mtoni na kwenye mfereji pia. Namba zinaandikwa ukutani kwenye mashine ya kusaga, kila mtu anaziona. Imeonekana kiangazi maji hayatoshi vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wamekubaliana mchana maji ni ya mboga, jioni banio linafungwa mtambo uwake. Mashine inasaga jioni. Taa zinawaka mpaka watu wanalala. Na kabichi zipo.

Ni jambo dogo hivyo. Wangeweza kukubaliana tangu mwanzo kama ningewapa maji ya Jumatatu, na Hamza angekuwepo. Nikiona watu wanafurahi taa naingia ndani.

Mama nilimwambia mwenyewe kabla ya mkutano. Hakulia wala hakunitukana. Ila tangu siku ile nikiingia kwake anazima taa. Tunakaa gizani, ananiuliza nimekula, namwambia nimekula. Nikitoka anaiwasha.

Sasa lililonifanya niandike. Mkutano umewarudishia zamu yenu, Jumatano, kama zamani. Lakini unajua sheria ya mfereji: zamu isipofunguliwa mpaka mvua zije, inarudi kwa kikundi cha wamwagiliaji, na ikirudi huwezi kuidai tena. Shamba ni la Idrisa na Salama. Siwezi kulipanda bila neno lako, na sitalipanda. Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba tu uniambie unalitaka au hulitaki. Ukitaka kuja mwenyewe kuliona, chumba chako kwa Mama kipo, na mimi ukisema nisionekane, sitaonekana.

Nisalimie sana Idrisa, mwambie mjomba wake anamkumbuka. Salama mwambie asante kwa kupokea simu. Msalimie mama mkwe wako, na ukienda makaburini nisemee kwa Hamza, maana mimi nikisema peke yangu naona kama najisikiliza mwenyewe.

Leo ni Jumatano. Asubuhi nimeshuka mpaka kwenye banio, nikakutana na Abdallah na Scholastica wanapima. Waliniitikia salamu. Nikafungua zamu yenu, isipotee kabla hujanijibu. Maji yamekwenda mpaka shambani, yakaingia kwenye matuta ya zamani ambayo Hamza aliyapanga kwa kamba, yakajaa moja, yakahamia la pili. Hakuna kitu kilichopandwa mle, majani tu. Nimesimama na jembe mpaka zamu ikaisha, halafu nikafunga. Jumatano ijayo nitakwenda tena.

Mungu akulinde wewe na watoto, na ampumzishe Hamza mahali pema.

Kaka yako anayekupenda na kukuonea haya,

Sefania