Swichi Iliyokuwa Kando ya Redio

Kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, na ule mguu haukusumbui sana na baridi hii. Shemeji hajambo? Mwambie sijasahau kwamba aliniita gunia lililovaa mkanda. Huku tu wazima. Mke wangu anakusalimu. Mimi nimezidi kunenepa, na siku hizi nikiingia chini ya gari, wenzangu wa gereji hunivuta miguu ndipo nitoke.

Nimeshachana karatasi mbili kabla ya hii. Nakuandikia kwa sababu ya lori. Mwenyewe ni mama mmoja anayesafirisha vigae, na amechoka kusimama kila kituo kuomba upepo wa kujazia mifuko ya hewa inayobeba mgongo wa gari juu ya ekseli ya nyuma. Alitaka lori lijitegemee: kompresa yake, tangi lake, na swichi kabini, dereva ainue na kushusha mgongo wa gari bila kuondoka kitini. Msimamizi wetu akasema kazi hiyo ni ya mzee. Nikageuka kutazama mzee ni nani. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Mitambo hiyo nimeifunga kwa siku tatu. Kompresa nimeiweka juu, mbali na matope, tangi ubavuni mwa chasi, ile fremu ya gari, na mipira ya hewa nimeipitisha mbali na bomba la moshi, nikaibana vizuri isichezecheze. Yote uliyonifundisha wewe. Nati moja niliiangusha mara nne, nikasingizia njaa. Kila vali ilipopumua, mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni. Wenzangu wakagundua, wakawa wananipulizia kwa midomo nikipita. Nilicheka nao, kaka, lakini shati lilikuwa limelowa.

Jana asubuhi tukakuta mshale wa geji ya kupimia upepo umeshuka kidogo. Upepo ulikuwa unatoka mahali. Kanuni ya gereji unaijua: aliyefunga ndiye anayeingia chini, gari likiwa limeinuka na mzigo wake, apake povu la sabuni kila kiungo mpaka aone linapochemka. Miaka yote hii nimekuwa nikikwepa. Mara mgongo, mara tumbo, na safari moja hata jino. Msimamizi akaniambia sasa viungo vya kusingizia vimeniishia.

Nikapachika magogo mawili manene kati ya chasi na ekseli. Dereva akanitania, eti naamini mti kuliko kazi yangu mwenyewe. Nikamwambia ndiyo. Kisha nikamwomba ashuke kabini. Akasema kwani kuna ubaya gani, yeye anataka kusikiliza redio tu. Nilipanda ngazi, nikamshika mkono.

"Shuka," nilimwambia. "Usiguse hiyo redio. Nakuomba, ndugu yangu, shuka."

Akashuka, wala hakunitania tena.

Chini kulinuka grisi na mpira mpya. Nilipaka povu nikiwa nimelala chali sakafuni. Chasi ilikuwa juu ya paja langu, pale pale ilipokukalia wewe. Povu likachemka kwenye vali ya kushoto. Nikaikaza kidogo, likatulia. Waliponivuta nje sikuweza kusimama. Wakadhani ni unene.

Sasa nikuambie, kaka. Miaka kumi na tisa, tangu gari lile likuangukie, watu wamesema ule mpira wa hewa ulichomoka kwa sababu uliufunga vibaya. Na wewe ukakubali, ukaacha ufundi, kwa kuwa kweli ulikutwa umechomoka. Haukuchomoka wenyewe. Ulichomolewa na chasi ilipokuwa inaanguka. Uliniacha kabini ukaniambia nisiguse kitu. Kulikuwa na joto, nikachoka kukusubiri, nikataka redio. Swichi zilikuwa kando yake, hazina maandishi. Nilibonyeza moja nikidhani ni ya redio. Nilisikia hewa ikitoka, kisha nikakusikia wewe. Walipouliza, nilisema mpira umechomoka, na kila mtu akaridhika. Na wewe, pale kitandani hospitalini, ukaniomba radhi kwa kunitia hofu.

Barua nampa dereva yuyu huyu, njia yake inapita kwenu. Ukiweza, panda kabini uone. Swichi za hewa nimezifunga upande wa pili, mbali na redio, nikazifunika, na ile ya kushusha nimeiandika kwa rangi nyekundu. Chini ya lori nimeingia. Kuja mwenyewe mbele yako nimeshindwa. Dereva atasubiri jibu, na nimemwambia ukikaa kimya asikuharakishe.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Ukiwasomea, usiruke habari ya redio.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa kabini.