Mayai ya kanga wa pori

Siku ya ine, mwezi wa pili, 1954

Usingizi unakataa. Padri aliomba batoto ba kalasi yangu bahesabu banyama bote ba mu kiwanja ya masomo. Bantu ba muze, ile nyumba ya kuonyesha banyama na bintu bya zamani, banataka kujua. Miye nikabaambia: muangalie, musiguse.

Leo asubui kiota ya kanga wa pori iko bule, hata yai moja hakuna. Ngoie, binti ya mufundi wa reli, njo alibeba mayai. Nikamukaripia mbele ya benzake.

"Mwalimu," akasema, "direkteri anataka tukate majani yote leo, juu inspekteri anakuya. Kuku ya mama njo analalia ile mayai sasa."

Kweli, tulikata. Kiwanja inangaa kama kichwa ya mufungwa.

Mangaribi yote mama kanga alizunguka pale, anaita.

Miye? Niliangalia, sikugusa.